Namna ya Kutofika Morningside na Bado Ukaongoza Darasa

Shule imetangaza ziara ya historia: kupanda milima ya Uluguru, Morogoro, hadi Morningside, nyumba waliyoijenga Wajerumani mwaka 1911 ili wapunge hewa baridi. Wewe na mlima hamuivi. Tulia, nipo upande wako.

1. Vaa raba mpya. Picha za Barabara ya Boma utatoka umependeza, na mbele kidogo raba hizo zitakubana kwelikweli. Hutakuwa na haja ya kusingizia.

2. Baki nyuma taratibu. Funga kamba, sifia mandhari, funga tena. Mwalimu naye anahema na hataki aonekane, kwa hiyo hageuki. Ila baki na mwenzako. Mlimani usikae peke yako.

3. Sasa usilale, alama ziko hapa. Kaeni kando ya njia, penye mashamba. Akina mama watashuka na karoti na stroberi kichwani, wakielekea Soko Kuu la Chifu Kingalu. Bibi akisimama kupumzika, mtue mzigo, toa shikamoo, kisha uliza habari za matuta. Usiulize kingine. Miaka ya 1950 Waingereza waliwaamuru Waluguru wakate miteremko iwe matuta ya ngazi, eti kuzuia mmomonyoko. Jembe likafukia udongo wenye rutuba na kuleta juu ule usioota kitu, halafu mkulima huyohuyo aliyechoka kuchimba akaambiwa apande mahindi yake hapo. Julai 1955 watu wakakusanyika Matombo, upande wa mashariki wa milima, kukataa. Polisi wakafyatua risasi, mtu akauawa, na mpango wa matuta ukafa. Ukoloni ulipita shambani kwa bibi huyu, na wewe umeukuta umekaa kitako. Wenzako huko juu wanapiga picha kuta.

4. Ripoti ianze na reli kufika Morogoro mwaka 1907, maana ndiyo iliyowarahisishia Wajerumani safari ya kuja kupunga hewa. Kisha mwachie bibi aseme. Andika maneno yake kama alivyoyatamka, na jina lake liweke tu akikuruhusu. Usimpambe.

5. Picha ya nyumba huna. Azima kwa aliyefika. Anazo tele, na usiku wa kuamkia siku ya kukusanya ripoti atakuja mwenyewe kukuuliza aandike nini.