Pointi Mbili Zisizo na Mwenyewe

Baba Watoto ni mtu wa Panthers, timu ya raga ya Penrith, kufa kupona. Alipoanza kazi ya ghalani huku magharibi mwa Sydney, wenzake wa zamu wote walikuwa watu wa Penrith, na kabla hajazijua njia za treni alikwishayajua majina ya wachezaji. Ndugu yangu mdogo anakaa Brisbane, na ukikaa Brisbane unakuwa mtu wa Broncos. Mimi mmoja nimeolewa naye, mwingine tumelala tumbo moja, na sebule wanayobishania ni yangu. Basi nayasema niliyoyaona.

Raga tuliyokulia nayo Mombasa ni ile ya watu 15, na ile ya watu saba. Inayopendwa huku ni raga ya ligi, ya watu 13. Mama yangu, aliyekuja kututembelea mwaka 2023, aliuliza mara ya kwanza tu alipoitazama: hao wawili wamekwenda wapi? Mkwewe alimweleza vizuri, nampa haki yake. Mwaka 1895, katika Hoteli ya George mjini Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza, vilabu vilikutana vikajitenga na wakubwa wa raga. Wachezaji wao wengi walikuwa watu wa viwandani na migodini. Wakiacha kazi kwenda kucheza walikatwa mshahara, na wakubwa hawakukubali wafidiwe. Mwaka 1906 hao waliojitenga wakapunguza wachezaji hadi 13, uwanja upate nafasi. Mama akasema watu wa Huddersfield walidai haki yao. Kuanzia siku hiyo hakukosa mechi.

Na mchezo aliushika upesi. Timu ikiwa na mpira huruhusiwa kuangushwa mara sita, kisha inaukabidhi. Kila mtu akiangushwa, husimama na kuusukuma mpira nyuma kwa mguu, na walinzi lazima warudi nyuma mita 10, isipokuwa wawili wanaobaki mbele yake. Hapo ndipo kazi ilipo. Kuangusha, kuinuka, kurudi mita 10, kupanda tena, kuangusha, dakika 80. Trai moja ni pointi nne, mkwaju wa baada ya trai pointi mbili, na penalti ikipigwa langoni ni pointi mbili vilevile.

Fainali ya mwaka huo wa 2023, Panthers na Broncos, ilichezwa Sydney Jumapili ya tarehe 1 Oktoba. Siku hiyohiyo saa za Sydney zilisogezwa mbele, kama inavyofanywa kila Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Brisbane hawasogezi. Simu hujirekebisha zenyewe, lakini ndugu yangu, aliyekuwa amekuja kukaa nasi wiki ile, huvaa saa ya mkono aliyoachiwa na marehemu baba, na hiyo ndiyo anayoiamini. Alasiri akatoka kwenda Auburn kwa rafiki yake. Saa moja unusu usiku mpira unaanza, saa ya baba inamwambia ni kumi na mbili unusu, naye yuko barazani anakunywa kahawa. Baba Watoto alipiga simu, akapiga tena, mwisho akachukua gari kwenda kumsubiri stesheni ya Blacktown. Walipoingia nyumbani ilikuwa mapumziko: Panthers 8, Broncos 6. Kipindi cha kwanza kilitazamwa na mama na wajukuu zake. Liweke moyoni hilo, tutalirudia.

Kipindi cha pili wengi mnakikumbuka. Ezra Mam, kijana wa Broncos, alifunga trai tatu katika muda wa dakika kumi hivi, na ubao ukasoma 24 kwa 8. Panthers wakampoteza Jarome Luai kwa jeraha la bega. Ndugu yangu alikuwa amesimama juu ya kochi. Baba Watoto hakusema neno. Alikwenda jikoni akaanza kuosha vyombo.

Zilipobaki kama dakika 20, Nathan Cleary wa Panthers akaushika mchezo. Moses Leota alifunga: 24 kwa 14. Katika muda huohuo Cleary alipiga teke lile wanaloliita arobaini-ishirini: unapiga ukiwa ndani ya mita 40 za upande wako, mpira unadunda uwanjani na kutoka nje ndani ya mita 20 za mwenzako, na mpira unakuwa wako tena. Ni teke la kuthubutu, kwa sababu likikosea unawapa adui mpira mahali pazuri. Stephen Crichton akafunga: 24 kwa 20. Kisha, mechi ikielekea ukingoni, Cleary mwenyewe akapiga chenga katikati ya walinzi, akafunga trai, akapiga na mkwaju wake. 26 kwa 24. Baba Watoto alitoka jikoni mbio, povu limejaa mikononi, akawakumbatia watoto na sabuni yake. Cleary alipewa medali ya Clive Churchill, ya mchezaji bora wa fainali, kwa mara ya pili baada ya ile ya 2021. Kocha wake ni baba yake mzazi, Ivan, na mama yangu alilia alipowaona wamekumbatiana.

Ubishi ulianza kabla kombe halijanyanyuliwa.

"Shemeji, kubali," Baba Watoto akasema. "Mtu mmoja amewapiga watu 13."

"Hakutupiga yeye, shemeji. Kuna mtu alimfungulia mlango."

Na ndugu yangu akamtaja beki mmoja kwa jina, akamlaani yeye na klabu iliyomlea. Alirudisha picha ya ile trai ya mwisho, akaisimamisha pale beki yule aliponyoosha mkono akashika hewa. Huyu! Huyu ndiye aliyetuuza! Akaituma picha kwa watu wote wa Brisbane, na usiku kucha simu ililia, kila mmoja naye ana beki wake wa kumlaani. Mmoja anaona shujaa ni mmoja, mwingine anaona msaliti ni mmoja, na hapo hawakuwa mbali kama walivyodhani.

Jumatatu ilikuwa Sikukuu ya Wafanyakazi, watu wote nyumbani, watoto wako likizo. Baada ya chai ndugu yangu akasema maneno hayatoshi, ataonyesha. Baba Watoto, badala ya kumkataza, akasogeza kochi ukutani na kuisukuma meza ya kahawa hadi karibu na kabati la vyombo. Nilisema pale pale kwamba meza ile isikae pale. Nikaambiwa ni dakika mbili tu.

Walipangwa hivi. Ndugu yangu upande wa ndani, mlangoni mwa jikoni. Kifungua mimba wangu, kijana mrefu wa miguu, katikati. Kitinda mimba, msichana wa miaka tisa, pembeni kabisa, kando ya kabati. Yeye ndiye beki aliyelaaniwa. Mwanangu wa kati akapewa simu arekodi. Baba Watoto akachukua mpira akawa Cleary. Mita 10 zikageuzwa vigae vinne vya sakafu.

Ndugu yangu aliwafundisha wapwa zake vizuri, sina budi kusema. Walinzi, aliwaambia, wana njia mbili. Ama wote wateleze pamoja kuelekea pembeni, wamsukume mwenye mpira kwenye mstari wa nje. Ama wote wapande kwa pamoja, wambane kabla hajafikiri. Njia yoyote inafaa. Kinachoua ni mmoja kuteleza na mwenzake kupanda. "Kila mtu amshike wa mbele yake, na amwamini wa kando yake." Watoto wakaitikia, "Sawa, mjomba."

Baba Watoto akaanza mbio.

Ndugu yangu wakati huo alikuwa amempa mgongo, anamweleza mama jinsi beki yule alivyopaswa kuweka bega. Alikuwa bado hajarudi vigae vyake vinne. Kifungua mimba akaona upande wa ndani hakuna mtu, akaacha mahali pake akarukia kwenda kuziba. Mdogo wake akaona kaka amehama, akaingia ndani kushika nafasi ya kaka, kama alivyofundishwa. Baba yake akabadilisha mguu akapita nje. Mtoto akageuka, akanyoosha mkono, mguu ukanaswa na meza ya kahawa, na bega lake likaingia kwenye kioo cha kabati.

Tulimkagua kwanza mtoto. Alikuwa na mkwaruzo mdogo tu kwenye kiwiko, alhamdulillahi. Kioo kilikuwa chini chote. Katikati ya vipande, bakuli la kauri la mama, la ukingo wa buluu, alilolitoa kwa mama yake Lamu na kulibeba mwenyewe mapajani ndani ya ndege, lilikuwa limepasuka pande mbili. Ndani ya pasuko kauri ilikuwa nyeupe pe, na mtu angeweza kuona alama ya kidole cha mfinyanzi chini ya rangi.

Kelele zikamwangukia mtoto. Baba: kwa nini hukusimama mahali pako? Mjomba: nilikwambia utazame kiuno, si miguu! Kaka yake: nyanya, ni yeye, mimi sikugusa kabati. Msichana wangu alisimama na kiwiko chake, macho chini, hajibu. Alikuwa ameshaamini kwamba kosa ni lake.

Mama akasema, "Leteni simu hiyo."

Alivaa miwani. Akatazama hadi mwisho, akasema, "Rudisha." Akatazama tena. "Rudisha, kabla hujaanza kukimbia." Mara ya tatu akaweka kidole kwenye kioo cha simu. "Wewe," akamwambia mwanawe, "uko wapi hapa?" Ndugu yangu hakuwa mahali pake. Kidole kikahamia kwenye meza. "Na hii, nani kaileta hapa?" Baba Watoto akasema, "Ni mimi, mama." Kidole kikamfikia kifungua mimba, tayari yuko nje ya mstari. "Mtoto amekuja mwisho. Amekuta kila kitu kimekwisha haribika, na bado amejaribu. Mnampigia kelele kwa sababu ndiye aliyeshika kabati."

Hakuishia hapo. Mama aliendesha duka la vitambaa Marikiti miaka mingi, na hesabu iliyo pungufu humkera kuliko chombo kilichovunjika. Aliomba karatasi. Broncos trai ngapi? Nne: moja ya Thomas Flegler na tatu za Mam. Mikwaju yake? Yote minne. 24. Panthers? Nne vilevile: Mitch Kenny, Leota, Crichton, Cleary. Mikwaju yote minne. 24. "Basi mbona 26? Hizi mbili ni za nani?"

Mashemeji wakatazamana. Mmoja alikuwa Auburn, mwingine stesheni.

"Mimi nilikuwa hapa," mama akasema. "Ni penalti. Kipindi cha kwanza, yule wenu akaipiga langoni. Mtu wa Broncos alifanya kosa dogo, hakuna aliyepiga kelele, na mchezo ukaendelea. Huyo mbona hamumlaani?"

Nimelifikiria sana swali hilo. Timu mbili zilifunga trai sawa na mikwaju sawa, na tofauti ikawa pointi mbili ambazo mashabiki hawa wawili hawakuwa wameziona. Halafu mtu anakesha akimtukana beki wa dakika za mwisho. Sisemi Cleary hakufanya makubwa. Alifanya, na mimi siungi mkono wale wanaosema angefanya yeyote kama ngome ile ingekuwa mbele yake. Wenzake wote waliivaa jezi ile jioni hiyo na ni yeye aliyethubutu. Sifa inaweza kuwa ya mtu mmoja, maana kuna kitu alichagua kukifanya. Pengo katika ngome halifanywi na mmoja. Linaanza kwa aliyechelewa kuinuka, au aliyechoka kwa kuangusha watu katikati tangu mwanzo, linaendelea kwa aliyetoka mstarini kumsaidia, na linamfikia wa pembeni akiwa hana la kuchagua. Karatasi ya takwimu humwandikia huyo wa mwisho kwamba amekosa kukaba. Aliyechelewa kurudi mita 10 haandikwi popote.

Na wachezaji hawa ni watoto wa watu. Matusi yale ya usiku yanawafikia wao na mama zao.

Fundi wa kioo alilipwa na mashemeji, nusu kwa nusu. Ndugu yangu alimwomba radhi mpwa wake mbele ya watu wote, na katika nyumba yetu sebule haichezewi raga tena.

Mwaka 2025 Broncos walirudi fainali, safari hii dhidi ya Melbourne Storm. Hadi mapumziko walikuwa nyuma 22 kwa 12. Walishinda 26 kwa 22, ubingwa wao wa kwanza tangu 2006. Ndugu yangu alipopiga simu kutoka Brisbane, sauti imemkauka, hakuanza kwa trai wala kwa mchezaji wao Reece Walsh. Alisema, "Dada, kipindi cha pili chote hawakupata hata pointi moja." Medali ya Clive Churchill alipewa Walsh, na aliistahili.