Likizo ya Kemia

Somo la historia likija nyumbani kwa likizo halivunji kitu. Mtoto ataketi kizingitini, atasoma habari za Mkutano wa Berlin, atakula, atalala. Jiografia nayo ina adabu: itakuuliza kwa nini mvua ya Kericho hupenda kunyesha alasiri, utajibu unavyojua, na mambo yataishia hapo. Kemia ni mgeni wa namna nyingine. Inataka sufuria. Inataka limau, majivu, soda ya kuokea na betri kuukuu za redio, na ikishapata vyote inaanza kutafuta mtu.

Binti yangu yuko kidato cha pili, na shamba letu la chai liko kule ambako Kericho inaishia na Bomet inaanza. Ametujia likizo hii na daftari nene na macho ya mpelelezi. Anayepata taabu kuliko wote ni mama yangu, ambaye wajukuu wanamwita Kogo, kwa kuwa jioni huwa anakaa karibu na moto na hana pa kukimbilia.

Ilianza na vifungo vya kikemia. Mwalimu wao, nadhani kwa kuhangaika na darasa la saa nane mchana lililoshiba githeri, aliamua kuwafundisha kwa njia ya koito, ile siku wazee wa pande mbili wanapokaa chini kupatana mahari. Sodiamu, alisema, ina elektroni kumi na moja: mbili ndani, nane zinazofuata, na moja peke yake huko nje. Klorini ina kumi na saba, saba kati yake zikiwa nje, kwa hiyo imepungukiwa na moja itimize nane. Sodiamu inatoa, klorini inapokea. Aliyetoa anabaki na chaji chanya, aliyepokea anabaki na chaji hasi, na mvutano huo ndio unaowashika pamoja. Ndiyo chumvi hiyo: ndoa iliyolipiwa mahari hadi ndama wa mwisho.

Lakini klorini ikikutana na klorini mwenzake hakuna wa kutoa, maana kila mmoja ana saba na kila mmoja anatafuta. Basi kila upande unaweka elektroni moja mezani, zile mbili zinakuwa za wote. Hiyo, mwalimu alisema, ni njoo-tuishi: wamehamia nyumba moja na hakuna ng'ombe aliyevuka mto. Kuna na namna ya tatu, ambapo amonia inaleta elektroni zote mbili na ioni ya haidrojeni inaleta njaa yake tu. Binti yangu anasema hapo darasa lilichangamka sana, na mifano ya majirani ikatajwa kwa majina.

Kogo alisikiliza yote hayo akikoroga ugali. Kisha akauliza, "Nani aliyetoa ng'ombe?"

"Sodiamu, Kogo."

"Na baada ya kutoa, hali yake ikawaje?"

"Akatulia. Sasa ana nane nje, hana wasiwasi tena."

"Mwanamume ametoa ng'ombe wake, halafu ametulia?" Kogo aliweka mwiko chini. "Huyo mwalimu hajaoa."

Mtoto angenyamaza hapo tungekula kwa amani. Lakini alikuwa na ukurasa mwingine. Akaeleza kwamba ndani ya chembe ya chumvi sodiamu mmoja huzungukwa na klorini sita, na kila klorini naye huzungukwa na sodiamu sita. Kogo alimtazama kwa muda, akanitazama mimi niliyemzaa, kisha akaomba asomewe Zaburi.

Mimi nilikuwa bado nacheka kemia ilipohamia mfukoni mwangu. Binti alisoma kwamba asilimia 78 ya hewa ni nitrojeni. Sasa mimi kila mwaka nachukua mifuko ya mbolea ya chai, ile ya 26:5:5, na bei yake inakatwa kwenye malipo yangu kabla sijaiona kwa macho. Hiyo 26 ndiyo nitrojeni. Maana yake katika mfuko wa kilo 50 nanunua nitrojeni kilo 13. Na huku nimezama ndani ya nitrojeni tangu kuzaliwa, naivuta na kuitoa bure, na chai yangu imesimama humo humo ikiwa na njaa!

Kosa, akaniambia, ni la kifungo. Atomu mbili za nitrojeni hewani zimeshikana kwa jozi tatu za elektroni, na kuzitenganisha ni kazi. Radi inaweza. Bakteria wanaokaa kwenye mizizi ya maharagwe wanaweza. Na Wajerumani wawili, Fritz Haber na Carl Bosch, waliweza mwanzoni mwa karne ya 20 kwa joto kali, mgandamizo mkubwa na chuma cha kuharakisha mmenyuko. Mkulima wa chai hamo kwenye orodha hiyo.

Shemeji yangu, ambaye hakuwepo kwenye somo, aliamua kuirefusha mbolea yake kwa njia ya kienyeji. Alichanganya mifuko na majivu ya jikoni, ndani ya stoo isiyo na dirisha, msimu wa mvua, kila kitu kikiwa na unyevu. Majivu ni alikali, na mbolea ile ina amoniamu. Vikikutana vikiwa vimelowa, amonia inatoka ikiwa gesi na kupanda puani. Tulimkuta nje amepiga magoti, kuku wamehama upande ule wa boma, na yeye analia machozi ambayo hatukuyaona hata alipozikwa baba yake. Binti yangu alisimama karibu na daftari lake akasoma kwamba amonia hugeuza litimasi nyekundu kuwa ya samawati. Shemeji ana rangi yake aliyogeuka, na haimo kitabuni. Jambo lililomuuma zaidi aliambiwa baadaye: ile harufu iliyomtoa machozi ndiyo nitrojeni aliyoilipia, inaondoka zake kurudi hewani.

Nije sasa kwenye jambo ambalo ukoo wetu umelibishania tangu nikiwa kijana. Katikati ya shamba kuna mahali pa duara ambapo chai imekataa. Vichaka ni vifupi, majani ni ya njano, na miche tuliyopandia upya imekufa vilevile. Pale ni mahame: nyumba ya kwanza ya Kogo ilisimama hapo kabla chai haijapandwa. Kaka yangu mkubwa daima amesema kuna mtu wa zamani aliyetukasirikia. Mchungaji ameombea pale mara kadhaa. Kuna mbuzi aliyeliwa pale pia, ingawa hilo mchungaji hakuambiwa.

Binti yangu alikwenda kwa jirani akaomba majani machanga ya chai ya zambarau, ile TRFK 306 ambayo watafiti wa chai wa Kericho waliitoa kwa wakulima mwaka 2011. Rangi yake inatokana na anthosayanini, na anthosayanini ni kiashirio: ukiitia asidi inakuwa ya waridi, ukiitia alikali inaelekea kijani. Akachemsha majani, akayachuja, akamimina katika vikombe vyetu vya wageni. Kimoja akakikamulia limau, kikawa waridi. Kimoja akakitia maji ya majivu, kikawa kijani cha matope. Kilichobaki akakiacha kama kilivyo. Kisha akatoka kwenda kuchimba udongo.

Kaka yangu aliingia wakati huo, ana kiu, amekuta mezani chai imeshamiminwa. Alikunywa ya waridi akasifu. "Ina limau, nzuri." Akanywa ya zambarau akasema imepungukiwa na sukari. Ile ya kijani alinyamaza nayo mdomoni, akatazama mlango, akatazama kikombe, na binti yangu akarudi akiwa na matope mikononi kumwambia kwamba hiyo si chai, ni jivu. Tangu siku hiyo kaka haamini tu kwamba shamba limelogwa. Anaamini na nyumba pia.

Udongo ulipopimwa, ule wa shambani ulielekea waridi na ule wa mahameni haukuelekea. Maelezo ni mepesi kiasi cha kuaibisha. Chai hutaka udongo wenye asidi, pH ya kama 4.5 hadi 5.6. Nyumba ikikaa mahali pamoja miaka mingi na jivu la meko likamwagwa pale pale, kabonati za potasiamu na kalisi huimaliza asidi ya udongo ule. Wataalamu wa chai walijua habari za mahame zamani, na dawa yao ni salfa, ambayo bakteria wa udongo huigeuza polepole kuwa asidi. Inauzwa dukani.

Kogo aliyasikia hayo akanyamaza sana. "Kwa hiyo aliyeloga shamba ni mimi," akasema. Hakuna aliyejibu. "Na ugali mliokula kutoka meko ile? Mbona ninyi hamkuota njano?" Kaka yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kukumbuka kwamba ana ng'ombe wa kukama.

Kuhusu shati langu jeupe nitasema kidogo, maana bado linaniuma. Lilimwagikiwa chai, likalowekwa usiku kucha ndani ya karai kuukuu lenye kutu, na asubuhi lilikuwa na ramani nyeusi yenye maziwa na mito. Wachumaji wa chai hawatashangaa. Wanajua utomvu wa jani unavyoutia weusi ubapa wa kisu. Polifenoli za chai zikikutana na chuma hutengeneza wino, na kwa karne nyingi Wazungu waliandikia wino wa ukoo huo huo, wakitumia uvimbe wa mti wa mwaloni badala ya chai. Binti yangu alifurahi mno, akataka kulihifadhi. Mimi nilikuwa na harambee Sotik. Nilivaa koti nikalifunga hadi shingoni, jua linawaka, na kila aliyeniona aliniuliza kama nina malaria.

Msiba wenyewe ulikuwa wa mursik, maziwa yetu ya kuchacha. Mzee mmoja wa kanisa alikuja kututembelea, na huwezi kumpokea mzee wa Kipsigis bila mursik. Kogo alikuwa na sotet (kibuyu cha maziwa) lililokaa vizuri, lililosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, maziwa yamechacha sawasawa. Mzee akashukuru, ila akasema kwa sauti ya chini kwamba ana vidonda vya tumbo, na uchachu siku hizi unamchoma.

Binti yangu alisikia neno uchachu, akasikia asidi. Asidi ya laktiki, bila shaka. Kitabu kilikuwa wazi kabisa: asidi ikikutana na bikabonati hutoa chumvi, maji na kaboni dioksidi. Alikwenda jikoni kwa nia njema, akafungua sotet, akatia vijiko vya soda ya kuokea, akafunga mfuniko akaukaza vizuri. Kitabu hakikusema usifunge. Wala kitabu hakimjui Kogo, ambaye kwa desturi ya mama yake na nyanya yake hawezi kumimina mursik kabla ya kulitikisa sotet kwa nguvu zote.

Mfuniko ulipiga dari. Maziwa yalifuata, na rangi yake ya kijivu cha mkaa ikaenea juu ya kalenda ya SACCO, juu ya picha ya harusi yangu, na juu ya mzee wa kanisa kuanzia upara hadi tai. Kwa muda tulisikia tu matone. Mzee akalamba mdomo wa juu. "Kweli," akasema, "haujachacha."

Shule zinafungua Jumatatu, nami nina ombi kwa wazazi wenzangu wa Kericho na Bomet. Karatasi ya tatu ya kemia katika KCSE ni ya vitendo. Mtoto hushika buriti na pipeti kwa mikono yake na kupewa alama kwa alichokiona. Shuleni kwa binti yangu, buriti ni ya kushirikiana na majaribio mengi hufanywa na mwalimu peke yake, mbele, watoto wakinyoosha shingo. Ndiyo maana wanakuja kuyafanya kwetu. Bonasi ya chai ikilipwa, kabla hatujachangia lango jipya la shule lenye jina la kupakwa dhahabu, tuchangie maabara. Kidato cha tatu kinaanza hivi karibuni, na mimi nyumbani nimebakiwa na sufuria mbili.