Gazeti Lisilofungia Nyama

Miaka ya 1950 sisi Wachagga tulikuwa na gazeti letu la kuchapwa, Komkya, likitolewa Moshi mjini. Siku hizi gazeti linalopanda huku mlimani ni la Dar es Salaam. Hufika na Hiace, habari zake redio imeshazimaliza, na msomaji wake mwaminifu ni muuza nyama, anayelitumia kufungia utumbo.

Lakini gazeti la kila wiki tunalo. Halichapwi wala halina picha: ni matangazo ya ibada ya Jumapili, na halikosi ukurasa hata mmoja. Habari za jamii ni ndoa na misiba. Uchumi ni mnada wa sadaka, ambapo mkungu wa ndizi hupanda bei mashemeji wawili wakitazamana vibaya. Siasa ni zamu za maji ya mfongo. Mifereji hiyo babu zetu waliichimba kabla Mjerumani hajafika, na hadi leo yupo anayeamka usiku kuyaelekeza maji kihambani kwake, zamu si yake. Mhariri wetu, mzee wa kanisa, ana maadili ya kazi. Hamtaji mtu jina. Husema tu, “Ndugu mmoja wa kule juu, karibu na daraja.” Karibu na daraja kuna nyumba moja.

Jumapili moja mhariri aliumwa jino, karatasi za matangazo zikasomwa na kijana wa kwaya. Dirisha lilikuwa wazi na upepo wa mlimani hauheshimu ibada. Karatasi zikaruka, zikaokotwa, zikapangwa zilivyopatikana.

“Tunatangaza kwa mara ya tatu,” kijana akasoma bila kusita, “jogoo mwekundu, mnene, mwenye afya njema. Mwenye pingamizi lolote na atujulishe.”

Kanisa zima likakohoa. Nyuma, upande wa akina mama, mama mmoja akasimama.

“Ninalo! Huyo jogoo ni wangu. Nimemtafuta tangu jana jioni.”

Upande wa akina baba, mume wake alikuwa amezama kwenye kitabu cha nyimbo, ingawa hakuna aliyetuambia tuimbe.

Mchungaji akaeleza kwa upole kwamba kilichokwisha kutolewa kwa Bwana hakirudi hivi hivi. Lakini mnada uko wazi kwa wote. Mashemeji wakanusa nafasi. Kila alipotaja bei yule mama, mmoja wao akaongeza, na mume hakuthubutu kuinua hata kidole. Mwishowe jogoo akaangukia kwa mama, kwa bei ambayo Moshi mjini ungepata wawili na kifaranga.

Wiki iliyofuata mhariri alirudi, jino limeng’olewa, akasoma shukrani kwa waliotoa na kwa walionunua. Nyumba ya yule mama ilitajwa kote kuwili. Tukaipigia makofi, mara mbili.