L ya Lushoto

Gia ya gari langu ina vituo sita: P, R, N, D, namba 2, kisha L. Nililinunua likiwa limeshastaafu kwao Japani, na kwa miaka minne hapa Nguvumali, Tanga, nimetumia vituo vitatu tu. P ya kulilaza, R ya kulitoa uani, D ya kwenda kokote. N niliwaachia vijana wanaoosha magari. Vile viwili vya mwisho niliviweka kundi moja na vitufe vya redio vilivyoandikwa Kijapani: mambo ya wenyewe, hayanihusu.

Wa kwanza kuvihoji alikuwa shangazi. Tulikuwa tunapeleka posa Lushoto kwa ajili ya mtoto wa kaka yangu, na shangazi, kwa kuwa ndiye msemaji, alikaa mbele akiwa amejipulizia mafuta mazuri hadi kioo kikaingia ukungu. Nyuma walikaa mke wangu, shemeji, na bwana harusi mtarajiwa aliyekuwa hasemi. Tulipofika Mombo na kuiacha barabara kuu ya Moshi, mlima ukaanza. Shangazi akaikodolea macho gia.

"Baba, hii D si Dar es Salaam?"

Sikujibu, nilikuwa na kona.

"Na L ni Lushoto. Sasa mbona twaenda Lushoto, nawe umeweka Dar?"

Gari zima lilicheka, hata bwana harusi. Shemeji alicheka mpaka akaomba tusimame. Shangazi akatazama nje dirishani kama mtu anayehesabu deni, akasema, "Haya. Mie sikusoma."

Posa ilipokelewa kwa wali, kuku na sentensi moja: "Tumesikia, tutawajibu." Wakati wa kuondoka wakatupakilia gunia la viazi, kabichi sita na karoti zilizobaki na udongo wake. Shangazi alilitafsiri gunia kuwa ni ndiyo. Shemeji alilitafsiri kuwa ni pole.

Sasa, lazima niseme jambo kuhusu wanaume wa rika langu na milima. Sisi tumelelewa na masimulizi ya Safari Rally, yale mashindano yaliyoanza 1953 kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, magari yakikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Baba alikuwa akilitaja jina la Joginder Singh kama watu wanavyotaja jina la babu yao: alishinda 1965 kwa Volvo, akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Mtoto aliyekulia Tanga, mji ulio tambarare kama sinia, ambako baiskeli ndiyo usafiri na breki ni kandambili unayoikandamiza kwenye tairi la nyuma, akipewa kilomita 33 za kona zinazoteremka kutoka Lushoto hadi Mombo, hawezi kubaki na akili yake yote.

Basi nikateremka kwa D, mguu wangu wa kulia ukiwa umelala juu ya breki kistaarabu, kama mkono wa mzazi juu ya bega la mtoto. Sikuuondoa. Kona inakuja, nakandamiza kidogo. Kona inaisha, nalegeza kidogo. Hata pale Soni, ambapo watu husimama kutazama maporomoko, sikusimama. Nilikuwa na mwendo mzuri.

Chini kidogo ya Soni nikakanyaga, na pedeli ikazama. Haikugoma wala haikupiga kelele. Ilishuka taratibu chini ya kiatu kama godoro la gesti. Nikakanyaga tena, ikarudi nusu. Mara ya tatu gari likapunguza mwendo kwa namna ya mtu anayefikiria. Pedeli ilikuwa imenijibu kama wale wakwe: tumesikia, tutakujibu.

Nikavuta hendibreki, nikalielekeza gari pembeni, upande wa mlima, tukaishia kwenye nyasi mbele ya kijibanda cha matunda. Mama mwenye kijibanda alidhani ni wateja wenye haraka. Nami sikuwa na ujasiri wa kusema kweli mbele ya shangazi, kwa hiyo nikashuka, nikafunga mlango kwa madaha, nikauliza bei ya plamsi. Miguu ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba nilichagua plamsi moja moja. Nikapatana bei, nikakataa, nikarudi, nikanunua ndoo nzima. Ilichukua kama nusu saa. Niliporudi garini na kukanyaga pedeli, ilikuwa ngumu kama jiwe.

Tukafika Mombo salama, nami nikinyamaza. Mke wangu alisema tu kwamba hajui nani atazila plamsi zote zile.

Kesho yake nikalipeleka gari kwa fundi, chini ya mwembe wa pale mtaani. Hapo ndipo yalipoanza matatizo yenyewe, kwa sababu gari lilikuwa limepona. Mmeshampeleka mtoto hospitali ana homa usiku kucha, mkifika mlangoni kwa daktari anaanza kucheza? Ndivyo. Nguvumali nzima haina mteremko wa kumfanya hata mwendesha baiskeli aache kupiga pedeli. Fundi akazunguka nalo mara mbili, akasimama ghafla mbele ya mbuzi, gari likatii. Mbuzi ndiye aliyeshangaa.

Lakini fundi hawezi kumwambia mteja mbele ya watu kwamba hajaona kitu. "Masta hii," akasema. Yaani ile pampu iliyo karibu na injini, inayosukuma mafuta ya breki hadi kwenye magurudumu. Nikaenda Ngamiani, nikanunua masta. Akaifunga, akatoa upepo, na katika kutoa upepo akamwaga mafuta ya breki juu ya bodi ya gari, asiyafute. Mafuta yale hula rangi. Mpaka leo juu ya gurudumu la mbele kushoto nina ramani ya Pemba, na ukiitazama vizuri utaona hata vile visiwa vidogo vya pembeni.

Kijiwe cha kahawa nacho kilikaa kikao. Mmoja alisema ni breki pedi. Wa pili, ambaye hajawahi kumiliki hata toroli, alisema ni upepo, akarudia neno hilo mpaka likawa kama dua. Mzee mmoja akauliza kama tulipofika Soni tulitoa salamu, maana mlima ule una wenyewe. Mtaa wetu una jina moja na mganga anayesifiwa na Hasani bin Ismail katika utenzi wake, Swifa ya Nguvumali, yule aliyekuwa akiwafichua wachawi. Sisemi kuna uhusiano. Nasema tu kwamba mtu akipata tatizo hapa, swali linalotangulia ni nani kafanya. Hakuna anayeuliza lilitokea saa ngapi.

Aliyeuliza ni kijana msaidizi wa fundi, aliyekuwa amekaa juu ya tairi akila muhogo wa kukaanga. "Bro, inalegea likiwa la moto au la baridi?"

Nikamsimulia yote, pamoja na plamsi. Akaacha kutafuna.

"Kwa hiyo ulisimama nusu saa, ikakaza yenyewe?"

"Yenyewe."

"Basi plamsi ndizo zilizowaokoa."

Akanieleza huku akihesabu kwa vidole vyenye pilipili. Pedeli ikiwa laini hata asubuhi, gari limepoa, halafu ukiipampu inapanda, tafuta upepo ndani ya mabomba, au breki za nyuma zimelika na hazijakazwa. Ukiikandamiza gari limesimama, ukaishikilia, nayo ikazidi kushuka polepole, hapo masta inavujisha kwa ndani. Akanikalisha nijaribu: nusu dakika, haikushuka hata unywele. Lakini hiyo ilikuwa masta mpya. Ile ya zamani nayo, kwa kuwa mlimani pedeli ilikaza yenyewe, huenda haikuwa na kosa, ila ilikuwa imeshauzwa kama chuma chakavu. Pedeli ikiwa ngumu na gari bado halisimami, pedi zimeungua. Lakini ikilegea kwa moto na kukaza kwa baridi, mafuta yamechemka.

Nilidhani anatania. Mafuta ya breki kuchemka kama maharage? Yanachemka. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Lakini yana tabia ya kufyonza unyevu wa hewani, na hewa ya Tanga mnaijua, chumvi mezani hugeuka uji. Yakishanywa maji asilimia tatu na kitu, huweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, hubonyea. Unakanyaga, unaubonyeza mvuke, magurudumu hayana habari.

Nilikwenda kupiga hesabu nyumbani. Gari lile na abiria wake na viazi vyake, likishushwa karibu mita 1,000, lina nishati ambayo, hata ukitoa inayopotea kwenye matairi na upepo, ingechemsha ndoo ya lita 20 ya maji. Ndoo hiyo niliibeba yote kwa mguu mmoja, kistaarabu, kama mkono wa mzazi.

Kijana alitaka kuhakikisha kabla ya kugusa kitu. Mlima hatuna, akasema, lakini moto tunaweza kuutengeneza. Alfajiri tukaenda nje ya mji, kwenye barabara ya vumbi katikati ya mkonge, ndefu, iliyonyooka, haina mtu. Mkonge huu uliletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na sina hakika kama alikusudia hili. Nikafika mwendo wa 80, nikafunga breki hadi 20. Tena. Tena. Kijana kando yangu alihesabu kwa sauti ya mpiga mnada. Hivyo ndivyo wanavyofanya wenye magari ya mashindano viwanjani, ila wao huweka mafuta yanayostahimili moto mkali zaidi na kuyabadilisha mara kwa mara. Mimi mafuta yangu, kule chini magurudumuni, yalikuwa bado yale yale yaliyotoka Japani.

Nitakiri kwamba kufikia raundi ya tano nilikuwa nimesahau sababu ya kuja. Nilikuwa 1974. Raundi ya nane ikaja harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya kanzu. Ya tisa, pedeli ikazama.

"Hiyo hapo!" kijana akapiga makofi. Gari liliendelea kwenda taratibu mpaka likaegemea mkonge, na mkonge una miiba. Pemba ikapata Unguja.

Tuliporudi mtaani na kufungua kiskrubu cha kutolea upepo kwenye gurudumu, kikatoka kitu cheusi kama kahawa ya kijiweni. Yule wa upepo alikuja kuchungulia, akasema bado haijakolea. Tukaweka mapya, ya DOT 4, tukatoa upepo gurudumu moja baada ya jingine, mimi nikikanyaga, yeye akiita "shikilia!" na "achia!" Alipomaliza akajifuta mikono, akachungulia ndani ya gari.

"Mlimani ulikuwa umeweka gia gani?"

"D."

"Kushuka kote kule?" Akainyooshea kidole L. "Hii ndiyo gia nzito. Ukiiweka, injini ndiyo inayolizuia gari, breki zinapumzika. Hukuwahi kuambiwa?"

Nikasema sikuwahi kuambiwa na mtu yeyote.

Majibu ya wakwe yalikuja baada ya wiki tatu: wamekubali, twende kupanga mahari. Shangazi akakaa mbele tena. Kurudi, tulipoyapa mgongo majengo ya Lushoto na barabara ikaanza kuinama, nikapunguza mwendo na kuivuta gia chini, kimyakimya, hadi mwisho. Injini ikanguruma. Shangazi akainama, akaisoma ile herufi, akajiegemeza kitini na kuupanga mtandio wake.

"Leo ndiyo umeweka sawa," akasema. "Tukifika Mombo rudisha Dar."

Nikarudisha.