Barua ya Wazi kwa Kamati ya Chai

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Chakula na Vinywaji,
Semina Zote za Magonjwa Yasiyoambukiza,
Tanzania.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: PONGEZI KWA KULILINDA ANDAZI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mshiriki mzoefu wa semina za afya na lishe. Nimekaa kwenye kumbi za mikutano kiasi cha kujua kwamba meza za nyuma ndizo zilizo karibu na mlango wa kwenda kwenye chai, na huko ndiko ninakokaa. Nakuandikia kukushukuru, kwa kuwa wengine wote wanaoshughulika na tumbo la Mtanzania wamejaa maneno. Taasisi ya Chakula na Lishe ipo kwa sheria ya Bunge tangu mwaka 1973, na inatushauri. Wizara ya Afya inatushauri. Shirika la Afya Duniani (WHO), likiwa kulekule Geneva, linatushauri. Kamati yako haimshauri mtu. Kamati yako inapakua.

Chukua semina yoyote ya magonjwa yasiyoambukiza. Saa tatu tumeshaandikisha majina, mgeni rasmi yuko njiani, na mwezeshaji anatuonyesha ukutani matokeo ya utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012: kati ya watu wazima wa miaka 25 hadi 64, mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu, na asilimia 9 hivi wana kisukari. Ukumbi unanyamaza. Mama mmoja wa meza ya mbele ananakili takwimu kwa herufi kubwa. Inafika saa nne, milango inafunguliwa, na serikali nyingine inashika madaraka: maandazi, sambusa, soseji, chapati, vitumbua vinavyong'aa mafuta, keki ya njano iliyokatwa vipande vya mraba, na soda za kila rangi ndani ya barafu. Pembeni kuna bakuli la mayai ya kuchemsha kwa ajili ya wale wenye vidonge mfukoni.

Mwezeshaji ndiye wa kwanza kwenye foleni. Simlaumu, amesimama tangu asubuhi.

Niruhusu nikusifu kwa hesabu. Soda nyingi za kawaida zina gramu 10 au 11 za sukari katika kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya mililita 350 inabeba gramu 35 na ushee, sawa na vijiko vya chai vinane au tisa. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2015 unataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku nzima, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Maana yake ni kwamba Kamati yako, kwa chupa moja tu ya saa nne, inafikia kiwango hicho cha gramu 25 za siku na kukivuka kabla mada ya pili haijaanza. Sijaona idara nyingine ya umma inayovuka malengo kwa kasi hiyo, na kwa kweli ninashangaa hampewi cheti.

Ila ufundi wenu hasa uko kwenye chakula cha mchana. Wa kwanza kwenye meza ya bufe ni wali mweupe. Anafuata pilau, kisha chipsi, tambi, ndizi za nazi, viazi vya mviringo, na ugali kwa ajili ya wazee wanaosema hawajala mpaka wale ugali. Mtu anapoufikia mchicha, sahani imeshajaa hadi ukingoni, na matikiti yaliyoko mwisho wa meza itabidi ayabebe kwa mkono wa kushoto. Tena nimechunguza vyombo. Kwenye wali mmeweka upawa. Kwenye mchicha mmeweka kijiko ambacho nyumbani kwangu hukorogea chai. Na wali anajipakulia mwenyewe kila mtu kadiri ya imani yake, lakini kwenye nyama amesimamishwa kijana mwenye kofia nyeupe na koleo: vipande viwili, ukiomba cha tatu anaangalia ukutani.

Asubuhi tulikuwa tumeonyeshwa picha ya sahani ambayo nusu yake ni mboga na matunda. Kijana wa koleo hakuwepo kwenye wasilisho hilo, alikuwa jikoni.

Najua kwa nini nyama inalindwa na wali haulindwi. Mzabuni analipwa kwa kichwa, na njia nyepesi ya kumshibisha mtu kwa fedha kidogo ni wanga. Hapo kejeli yangu inapungua makali, kwa sababu hesabu hiyohiyo ndiyo anayoipiga mama wa Mbagala mwenye watoto watano, naye hana bajeti ya semina.

Mada ya baada ya chakula, nusu ya ukumbi ikiwa imesinzia, kwa kawaida huwa juu ya vijana wa mjini walivyoharibiwa na chipsi. Tunatikisa vichwa kwa masikitiko. Tunaambiwa ni uvivu wa kupika. Sasa mfikirie huyo mvivu. Amepanga chumba kimoja. Ametoka kazini jioni, foleni ya magari imemfikisha kituoni saa mbili usiku akiwa amesimama kwenye daladala njia nzima. Maharage makavu yanataka moto wa saa mbili au zaidi, na moto ni mkaa au gesi, na vyote vinanunuliwa. Pale kona kuna kibanda chenye taa, na kijana anayegonga ukingo wa kikaangio anamuuliza swali moja tu: kavu au zege? Baada ya dakika chache anaondoka na chipsi zilizoshikana na mayai, kachumbari kiduchu ambayo ndiyo mboga yake ya siku nzima, na tomato yenye wekundu ambao nyanya yenyewe haijawahi kuufikia. Mafuta ya kwenye karai nayaacha, yana historia ndefu kuliko nafasi ya barua hii.

Huyo mtu halipendi tumbo lake kwa namna ya kipekee. Amekula kwa mujibu wa ratiba yake.

Mchana, mtu huyohuyo alikuwa na bahati zaidi. Pale anapofanyia kazi kuna mama lishe mwenye sufuria nne: ugali, maharage, dagaa na matembele. Mboga za majani anazipakua bila kuombwa na bila wasilisho, kwa bei ya mtu wa kawaida. Ukinitaka nitaje taasisi ya lishe inayofanya kazi kila siku katika jiji la Dar es Salaam, nitamtaja yeye. Ila yeye haalikwi kwenye semina, na siku mgambo wanapopita inambidi abebe sufuria ya maharage ikiwa ya moto na kuvuka barabara.

Nirudi kwenye pongezi. Kamati yako ina ndugu wa damu kule mashineni, na ningependa nao wasifiwe. Punje ya hindi ina ganda, kiini na wanga. Tunalipa mashineni ili ganda na kiini viondolewe, unga uwe mweupe, uitwe sembe na ukae dukani muda mrefu, kwa kuwa mafuta ya kwenye kiini ndiyo yanayofanya unga uchache mapema. Kilichotolewa kinaitwa pumba, kinauzwa kwa wafugaji. Kuku na ng'ombe wanapata nyuzinyuzi, vitamini za kundi B na madini. Mfugaji anapata weupe. Kisha, kwa kanuni za mwaka 2011, viwanda vikatakiwa kuongeza virutubishi kwenye unga: madini ya chuma, zinki, asidi ya foliki, vitamini B12. Tunalipa kutoa, tunalipa kurudisha, na kuku hajachangia hata senti. Sibezi urutubishaji, una maana yake, hasa kwa wajawazito. Na dona, unga usiokobolewa, nayo inataka mahindi makavu yaliyohifadhiwa vizuri. Mwaka 2016 sumukuvu ya kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara, hilo si la utani. Lakini ule mzunguko wa punje, kutoka shambani hadi bandani kwa kuku na kurudi kiwandani kama unga wa kuchanganya, ni kazi ya kamati yenye akili kubwa. Natumaini walikunywa soda walipokuwa wakiupanga.

Wapo wanaosema mambo ya sahani ni ya mtu binafsi, dola haiwezi kuyaingilia. Hao wamesahau haraka. Tarehe 1 Machi 2017 pombe za viroba zilipigwa marufuku, na viroba vikatoweka kwenye rafu za maduka. Tarehe 1 Juni 2019 ikafuata mifuko ya plastiki. Tuliokuwa tukibeba chipsi kwenye rambo tukajifunza mfuko wa karatasi bila hata semina moja. Na sukari ilipoadimika mapema mwaka 2024, baada ya mvua za El Niño kuvuruga uvunaji wa miwa, vibali vya kuagiza nje vikatolewa na bei elekezi ikatangazwa. Wiki zile taifa lilikuwa limekaribia sana ushauri wa Geneva, bila kutaka. Tuliokolewa.

Kwa hiyo dola inaweza. Haijawahi tu kufika kwenye meza ya saa nne, na heshima ya kuizuia ni yako.

Nisiisahau idara yenu ya michezo. Desemba 2016 Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi dhidi ya magonjwa yasiyoambukiza, na kila Jumamosi ya pili ya mwezi ikawa siku ya kutoka jasho. Tukatoka kweli. Klabu za jogging zikajaa barabarani alfajiri, fulana za rangi moja, nyimbo, filimbi. Saa mbili asubuhi zote zilikuwa zimefika kwenye supu. Bakuli la mbuzi lenye mafuta yanayoelea, chapati mbili, baadaye chapati ya tatu kwa sababu tumekimbia, na kwa wengine kinywaji baridi cha kuondoa uchovu. Ukumbi wa semina tumeutoa nje, tumeuvalisha raba.

Na kwenye hospitali mna tawi, ingawa halina kibao. Mgonjwa wa kisukari anafika kliniki bila kula ili apimwe damu. Anapimwa, anapewa nasaha, anatoka getini na njaa ya tangu jana jioni. Nje ya geti kuna chai ya maziwa iliyokwisha kutiwa sukari kwenye birika, na chapati. Aliyelazwa naye hana nafuu: wageni wanamfikia wodini na soda na juisi ya boksi, kwa kuwa kumtembelea mgonjwa na chupa ya maji kunaonekana kama kumtakia mabaya.

Profesa Mohamed Janabi alituonya kuhusu ulaji kwa miaka, toka Taasisi ya Moyo hadi Muhimbili. Mwaka 2025 akachaguliwa kuwa Mkurugenzi wa WHO Kanda ya Afrika. Jina lake sasa hutajwa kwenye kila kibanda cha chipsi: mtu anaomba zege, anamtaja Profesa, watu wanacheka, zege linaliwa. Ushauri umepanda cheo, ofisi imehamia Brazzaville. Andazi liko palepale.

Baada ya pongezi, nina maombi machache, na yote yanalingana na bajeti iliyopo. Ule upawa wa wali uhamie kwenye mchicha, na kijiko cha mchicha kihamie kwenye wali. Kijana wa koleo apandishwe cheo alinde soda. Mboga zitangulie mezani, wali uje mwisho, tuone nani atabeba nini kwa mkono wa kushoto. Chai itoke jikoni bila sukari, bakuli likae kando, kila mtu ajihukumu mwenyewe. Na ile saa nne iwe na mihogo ya kuchemsha, viazi vitamu, magimbi, karanga, ndizi mbivu, hata uji wa ulezi kwenye vikombe vyenu vyenye maua.

Nilipowahi kulipendekeza hili kwa mdomo, niliambiwa kwamba mihogo si hadhi ya mgeni rasmi. Nimelitafakari jibu hilo. Soseji iliyotoka kwenye friza ni heshima, ila kiazi kilichochimbwa jana Gairo ni aibu. Mihogo imetuvusha kwenye njaa nyingi, na nadhani hicho ndicho tusichoweza kuisamehe. Basi kama tatizo ni hadhi, iwekeeni kibao chenye jina la Kifaransa, muiwekee ndimu na pilipili pembeni, mgeni rasmi ataomba na ya kubeba.

Ninaelewa kwamba utekelezaji unahitaji mchakato: kikao cha wadau, kikao cha kupitia maoni ya wadau, na ziara ya mafunzo mahali penye bufe nzuri. Nipo tayari kushiriki vyote.

Mwisho, nimepokea mwaliko wa semina ijayo, hoteli ileile. Naomba kufahamishwa mapema kama maji ya kunywa yatakuwa mezani au nije na yangu. Na kwa kuwa mada ya saa tisa alasiri ni uzito uliopitiliza, mada ambayo siiwezi nikiwa na njaa, naomba niwekewe kipande kimoja cha ile keki ya njano. Cha pembeni, kile chenye ganda.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mshiriki, Meza ya Nyuma

Nakala:
Mzabuni wa chakula (aone upawa).
Mama lishe, popote alipohamishiwa.
Kuku wa mayai, kwa taarifa.