Kushuka Kwanza, Ngoma Baadaye

Miongoni mwa shughuli ambazo binadamu huzipanga kwa furaha na kuzitekeleza kwa majuto, safari ya kikundi cha vijana kushuka korongo la jangwani kwa miguu inastahili sura yake ya peke yake. Korongo, katika maana inayotumika hapa, ni bonde refu lenye kuta za mwamba zilizosimama karibu wima, lililochimbwa na mto kwa mamilioni ya miaka. Na mfano wake mashuhuri ni Grand Canyon katika jimbo la Arizona, nchini Marekani, ambalo mto Colorado umelichonga kwa urefu wa kilomita 446 na kina kinachozidi kilomita moja na nusu. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Korongo limeigeuza methali hiyo kichwa chini miguu juu, kwa kuwa kushuka huwezekana kwa kila mtu, na ngoma huanza wakati wa kurudi. Mlima humkataa mzembe mapema, angali karibu na gari lake, ilhali korongo humpokea kwa ukarimu, humfikisha mtoni akiimba, kisha ndipo humdai nauli.

Maandalizi huanza na kikao, na kikao huanza na mikono mingi iliyonyooshwa juu. Hapo hujitokeza kikwazo cha kwanza, yaani kibali cha kulala korongoni, ambacho hutolewa na mamlaka ya hifadhi kwa kundi lisilozidi watu 11, viongozi wakiwemo. Kamati hujadili vigezo vya kuwapunguza wanaotaka kwenda, ikianza na umri, ikaendelea na mahudhurio na hatimaye ada, lakini vigezo vyote hivyo huzidiwa nguvu na kifungu kimoja cha kanuni kinachosema kwamba, mahali pasipo na vyoo, msafiri huchimba shimo lake mwenyewe mbali na maji, na karatasi alizotumia huzifunga katika mfuko na kuzibeba mpaka juu. Kifungu hicho kikishasomwa kwa sauti, wapo wanaokumbuka kwamba wikendi hiyo wana harusi ya binamu.

Wanaosalia hukabidhiwa shanta, yaani begi kubwa la mgongoni lenye mkanda wa kiunoni, na hapo somo la hesabu huanza. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na njia ya South Kaibab, ambayo ni fupi kuliko nyenzake, haina bomba wala chemchemi, hivyo kila mtu hutakiwa kuanza akiwa na kilo kadhaa za maji kabla ya kuongeza hema, mfuko wa kulalia na chakula. Msomaji aliyezoea habari za Kilimanjaro, ambako wapagazi hutangulia na mizigo, hana budi kufahamu kwamba katika safari ya aina hii kila mtu ni mgeni na mpagazi wa nafsi yake kwa wakati mmoja. Orodha iliyoidhinishwa na kamati hutaja vitu vya lazima tu, ila mashanta yakifunguliwa usiku wa kuamkia safari hukutwa spika ya muziki, pasi ya nywele ya umeme ambao haupo, na makopo ya maharage ambayo mwenyewe huyatetea kwa hoja kwamba yalikuwa na bei ya punguzo.

Suala la chakula lina historia yake. John Wesley Powell, msomi na mwanajeshi aliyepoteza mkono katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, alianza safari ya mtoni mwezi Mei 1869 akiwa na wanaume tisa, mashua nne na chakula cha miezi kumi. Mashua moja ilivunjika mapema pamoja na shehena yake, na walipofika ndani kabisa ya Grand Canyon mwezi Agosti walikuwa wamebakiwa na unga uliooza nusu, matofaa makavu na kahawa tele. Viongozi wa vikundi vya leo wanaelekea kuwa wamejifunza kutokana na mkasa huo, kwa sababu kitu pekee ambacho hawasahau kukifungasha ni kahawa.

Ratiba nayo ina mitego yake. Hifadhi huwashauri watu wasitembee korongoni wakati wa kiangazi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, kwani joto la chini huweza kuzidi nyuzi 40 za Selsiasi, na huwahimiza kula vitu vyenye chumvi, kwa kuwa anayekunywa maji mengi bila chumvi huweza kupungukiwa na madini hayo katika damu na kuanguka akiwa na tumbo lililojaa maji. Kwa hiyo kikundi huazimia kuondoka alfajiri, bila kukumbuka kwamba Arizona haisogezi saa zake mbele majira ya joto kama ifanyavyo Utah, na kwamba eneo la wenyeji asilia wa Kinavajo, ingawa sehemu yake kubwa imo ndani ya Arizona, huzisogeza. Basi linalotoka Salt Lake City, huko Utah, kupitia Page, mji wa Arizona, na kisha eneo hilo, hubadilisha saa mara tatu kabla ya kufika ukingoni, na simu za abiria hazikubaliani, hivyo kesho yake nusu ya kikundi huwa imejipanga njiani kwa nidhamu huku nusu nyingine ikikoroma kwa haki kabisa.

Ikiwa mwenye makopo hajapatikana na hatia hadi wakati huo, hukumu hutolewa wakati wa kurudi juu, katika njia ya Bright Angel, ambayo hupanda takriban mita 1,300 katika kilomita 15, na ambako kanuni ya kawaida ni kutenga muda wa kupanda mara mbili ya ule wa kushuka. Ndipo maharage yaliyotetewa kwa hoja ya bei hugawiwa bure, tena kwa kubembeleza, bila kupata mpokeaji.

Kutokana na hayo, kazi ya kamati si kuwachangamsha vijana kwa picha za machweo, bali ni kuwakatalia mlangoni kwa niaba ya korongo lisilojua kukataa. Njia nafuu ni kumtaka kila mwombaji apande ngazi za jengo refu akiwa amebeba shanta lililojaa, mara kadhaa, kabla ya kutia saini. Na anayerudi kwenye kikao cha pili akiwa ameacha spika nyumbani kwa hiari yake anaifahamu jiografia ya Grand Canyon kuliko aliyekariri ramani nzima.