Kila Kitu Kipo, Ila Haiwaki

Wanaosema kunakili diski ni kubofya mara mbili tatu na kwenda kulala hawadanganyi. Nililala vizuri tu. Programu ya bure ilihamisha mzigo wote kutoka diski ya kuzunguka ya GB 500 kwenda SSD ya GB 480, na asubuhi ikaniandikia mia kwa mia. Mkubwa kuingia kwa mdogo si tatizo, mradi mafaili yenyewe yanatosha. Wauzaji huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1024, hivyo ile ya 500 ikasomeka 465 na hii ya 480 ikasomeka 447. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza dada yangu hesabu hiyo. Hakuuliza.

Kompyuta ni yake, iko kwenye duka lake la steshenari Mbagala. Ni ya mezani, na nusu ya CV za mtaa ule zimetokea humo. Diski yake ya zamani ilikuwa ikizunguka mara 7200 kwa dakika bila kufika popote. Dada alikuwa akiiwasha, anafagia, anamwagia maji mbele ya duka kutuliza vumbi, anapanga rimu, na bado kile kiduara hakijaacha kuzunguka. Kijana aliyeniuzia SSD Kariakoo aliniapia: "Bosi, ukiweka hii, mashine inapaa."

Na ilipaa. Nilifungua kasha, nikapuliza vumbi, nikachomeka SSD pembeni ya diski ya zamani, nikawasha. Dada akapiga vigelegele. Jirani wa M-Pesa akaja kushuhudia, akasema kweli, hii sasa ni kompyuta ya benki. Nikanunuliwa soda. Baadaye ndipo nilipotazama orodha ya diski na kukuta Windows iliyowaka ni ileile ya zamani, kutoka diski ileile ya zamani, na SSD imekaa pembeni kwa jina la E ikisubiri kutambulishwa. Tulichokuwa tunakishangilia ni vumbi kutoka.

Dawa ikaonekana rahisi: toa ya zamani, ibaki mpya peke yake. Nikatoa. Skrini ikawa nyeusi na maandishi meupe: hakuna kifaa cha kuwashia, ingiza diski kisha bonyeza kitufe chochote. Nikabonyeza. Ikarudia maneno yaleyale. Dada akanisogeza, akabonyeza yeye, kwa nguvu, akiamini mimi sikubonyeza sawasawa.

Zamani mambo haya yalikuwa mepesi. Tangu 1983 PC ilikuwa inasoma baiti 512 za mwanzo wa diski. Ikikuta mbili za mwisho ni 55 na AA, inaingia bila maswali. Ndiyo maana virusi vya enzi zile vilipenda sana kuishi hapo. Mashine za siku hizi, za UEFI, kama hii ya dada, zina utaratibu mwingine. Mazabodi haijali Windows yako ni nzima kiasi gani. Inatafuta kwanza kisehemu kidogo, mara nyingi cha MB 100, kilichofomatiwa FAT32, ambacho hata ukifungua mafaili hukioni. Humo ndimo lilimo faili la kuanzishia na maelezo ya Windows inapokaa. Programu yangu ilibeba C yote, na picha za harusi za watu nisiowajua, ikakiacha hicho. Ni sawa na kusimama mbele ya mtendaji wa mtaa ukiwa na kitambulisho, mke, watoto na majirani wa kukushuhudia, halafu anakuuliza: barua ya mjumbe iko wapi?

Wakati huo kuna mzee alikuwa amekaa kwenye benchi tangu enzi za vigelegele, akisubiri kuchapiwa barua. Kila nilipopiga magoti kuchungulia waya, alikuwa akinipa pole.

"Shikamoo mzee, tunamalizia."

"Marahaba. Umeshasema."

Fundi wa simu wa duka la pili akaja na tiba ambayo mafundi wote wa mjini wanayo: "Kaka, hapo ni kupiga windo tu." Kompyuta ikikwama, piga windo. Sauti haitoki, piga windo. Nadhani hata umeme ukikatika kuna mtu atashauri hivyohivyo. Ila kupiga windo, yaani kusakinisha Windows upya, kungefuta programu na mipangilio ya dada ya miaka yote, na lile faili lake la kadi za mialiko linaloitwa MPYA MWISHO KABISA 2, ambalo ndilo linalolipa kodi ya fremu.

Nikachomeka flashi yenye Windows ya kusakinisha, nikaingia kwenye lile dirisha jeusi la amri. Huko herufi zinahama: C ikawa D, flashi ikajiita C, na ukiandika kwa mazoea unaiamrisha flashi ijitengeneze yenyewe. Nikaipunguza ile sehemu kubwa kidogo, nikakata MB 100, nikaifomati FAT32, nikaandika bcdboot na njia ya folda ya Windows. Jibu lilikuja kabla sijaondoa kidole: mafaili ya kuanzishia yameundwa. Usiku mzima wa kunakili, na kilichokosekana kinaandikwa kwa mstari mmoja!

Nikatoa flashi, nikawasha. Safari hii ilipaa kwelikweli. Dada hakupata hata nafasi ya kuupiga jicho ufagio.

"Mzee, karibu sasa, tuichape barua yako."

Mzee akatoa karatasi mfukoni, ameikunja mara nne. Alikuwa ameshaiandika kwa mkono palepale kwenye benchi, mwandiko mzuri, sahihi chini.

"Nipigieni kopi mbili tu," akasema. Nikasogea kwenye mashine ya kopi. Akaninyooshea kidole. "Wewe kaa hukohuko. Hiyo usiifungue."